Sura ya Sita: Waya Utoke, Kamba Iingie?

"Winchi ya gari langu ina waya. Kila ninayekutana naye ananiambia niutoe niweke kamba. Kamba kweli itavuta gari la tani tatu?"

Swali hili huulizwa sana upande huu wa Nairobi. Pita Spring Valley Jumamosi asubuhi, kati ya Lower Kabete Road na Peponi Road, uangalie magari ya 4x4 yanayotoka malangoni: Prado, Defender, Land Cruiser za zamani, siku hizi hata Jimny. Mengi yamevishwa bampa ya chuma, na ndani ya bampa kuna winchi, yaani mota ya umeme inayozungusha dramu ndogo na kukunja waya, ili gari lililokwama lijivute lenyewe baada ya kufungwa kwenye mti, mwamba au gari jingine. Baadhi ya winchi hizo hazijawahi kuvuta hata mkokoteni. Nyingine zimepitia vumbi la Suswa, tope la Magadi na mvua za Aberdare, na waya wake umeshaanza kuota miiba.

Anayeuliza ana haki ya kutia shaka. Kamba anazozijua ni ile ya manila ya kufungia magodoro juu ya basi na ile ya katani ya kufungia ng'ombe, na zote mbili ameziona zikikatika. Sasa anaambiwa atoe chuma aweke kitu laini chenye rangi ya machungwa, tena kwa bei inayozidi ya waya mara kadhaa.

Jibu langu nalitoa mapema. Kamba itavuta, na kwa watu wengi wanaotoka mjini wikendi ni bora kuliko waya. Lakini anayebadilisha kamba peke yake, akaacha kila kitu kingine kilivyokuwa, heri angebaki na waya wake.

Kamba hii ni ya nini?

Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Mingi ya mifuko hiyo ilikuwa ya polietilini, plastiki ya kawaida kuliko zote. Kamba ya winchi nayo ni polietilini. Tofauti iko kwenye urefu na mpangilio wa molekuli, yaani zile chembe ndogo mno zinazoijenga plastiki. Ndani ya mfuko, molekuli ni fupi na zimejikunjakunja ovyo, ndiyo maana ukiuvuta unanyumbuka kisha unachanika. Ndani ya kamba, molekuli ni ndefu mno na zimenyooshwa zote kuelekea upande mmoja, kwa hiyo ukiivuta kamba unazivuta zote kwa pamoja.

Kuzinyoosha hakukuwa kazi nyepesi. Plastiki yenye molekuli ndefu hivyo haiyeyuki ikawa majimaji ya kupitishwa kwenye tundu dogo kama nailoni. Mwishoni mwa miaka ya 1970, watafiti wawili wa kampuni ya DSM ya Uholanzi, Paul Smith na Piet Lemstra, walipata njia: waliilainisha kwa kiyeyusho mpaka ikawa ute mzito, wakaivuta ikiwa uzi, kisha wakaurefusha uzi ule mara nyingi kuliko urefu wake wa kwanza. DSM ilianza kuutengeneza kwa biashara mwaka 1990 kwa jina la Dyneema. Kule Marekani uzi wa aina hiyo uliuzwa kwa jina la Spectra. Ulianza na meli, nyavu na fulana za kuzuia risasi kabla ya kufika kwenye bampa za magari.

Kwetu Afrika Mashariki kuna kitu cha kuchekesha kidogo hapa. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge huko Pangani, na ndani ya miongo michache mashamba ya Tanga, na baadaye ya Thika na Taita, yakawa yanaifungia dunia mizigo yake. Kisha plastiki ikaja ikaiangusha kamba ya katani. Sasa plastiki, baada ya kunolewa kidogo, imerudi kuangusha chuma.

Uzito na nguvu

Tuchukue winchi inayofungwa kwenye magari mengi ya ukubwa wa Prado: inavuta kilo 4,300, ambazo madukani huandikwa pauni 9,500. Tuseme waya wake una unene wa milimita 9.5 na urefu wa mita 28 hivi.

Waya huo ukiwa mpya hukatika kwenye mvuto wa karibu tani 6.5, na uzito wake ni kama kilo 10. Kamba nzuri ya milimita 10 hukatika kati ya tani 8 na 9, na ya urefu ule ule haifiki kilo 2. Ongeza mdomo wa rola ambao waya hupitia, unaotolewa pamoja na waya, nao una kilo kama 5, na pua ya gari imepunguziwa kilo zaidi ya 10. Kwa Jimny hizo ni kilo za kuhesabiwa. Kwa Land Cruiser yenye bampa ya chuma, tangi la ziada na hema juu ya paa, mwenye gari asijidanganye kwamba springi zitajua.

Uzito unaonekana zaidi mikononi. Anayesumbuka na waya si mota, ni yule kijana anayetumwa kuuburuta hadi kwenye mti ulio mita 25 juu ya kilima, akiteleza, huku waya unamrudisha nyuma. Kamba anaibeba begani.

Mfano wa wazi ni mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza mwaka 1989 kuchangisha fedha za kuhifadhi misitu ya milimani. Shirika la Rhino Ark lilianzishwa mwaka 1988 kwa ajili ya vifaru wa Aberdare, na kwa fedha hizo na nyingine ukajengwa uzio wa umeme wa karibu kilomita 400 kuizunguka milima hiyo, uliokamilika mwaka 2009. Mashindano yenyewe hayaangalii kasi. Kila gari hutakiwa kupita vituo 13 ndani ya saa 10, na mshindi ni aliyetumia umbali mfupi zaidi. Anayezunguka korongo anapoteza, anayelivuka anashinda. Ndiyo maana timu huwa na wakimbiaji wanaotangulia kwa miguu kutafuta njia kati ya mawe, na gari hupandishwa kwa winchi mahali ambapo hata mbuzi angefikiri mara mbili. Hebu fikiria kupanda ukingo kama huo adhuhuri, mara ya saba, umeshika ncha ya waya. Hapo hakuna anayehitaji kuelezwa faida ya kilo nane.

Waya ukikatika, na kamba ikikatika

Kila kinachovutwa hurefuka, hata chuma. Huko kurefuka ni nishati iliyowekwa akiba, na siku waya unapokatika nishati yote hutoka kwa pamoja. Waya wa winchi una mambo mawili yanayoufanya uwe mbaya zaidi. Kwanza ni mzito, kwa hiyo ukiruka unaruka na uzito wake wote. Pili umesokotwa, na unapokatika hujisokotoa, ukapiga pembeni mahali ambapo mtu alidhani yuko salama. Unaweza kupasua kioo cha mbele. Unaweza kufanya zaidi ya hapo kwa mguu wa mtu.

Kabla ya kukatika nao huumiza kidogo kidogo. Vijiwaya vya juu hukatika kimoja kimoja na kusimama kama miiba ya samaki, na mkono usio na glavu ukiteleza juu yake hupasuka. Waya uliowahi kujikunja kona hauponi: hata ukiunyoosha kwa nyundo, pale ulipojikunja ndipo utakapokatikia.

Kamba imesukwa kwa nyuzi 12 nene kama mtu asukavyo ukili, nusu zikienda kulia na nusu kushoto, kwa hiyo haina msokoto wa kujifungua. Pia ni nyepesi, na ikikatika mara nyingi huanguka karibu na mstari iliokuwa imenyooka.

Hapa sina budi kupingana na wauzaji. Wengi watakuambia kamba haihifadhi nishati yoyote, hata ikikatika unaweza kusimama pembeni ukinywa chai. Si kweli. Nyuzi zenyewe hurefuka asilimia tatu hadi nne kabla ya kukatika, na nishati imo. Usalama wa kamba uko kwenye wepesi wake, na wepesi huo unaisha pale unapofunga kitu kizito kwenye ncha. Kikikatika kiungo cha mbele, tuseme ndoano ya chuma ya kilo moja au kishikio cha gari lililooza kutu, kamba itakirusha kitu hicho kama ambavyo waya ungekirusha. Kwa hiyo sheria za zamani zinabaki:

- Watu wote wakae mbali kuliko urefu wa kamba iliyonyooka, wala asiwepo anayesimama kwenye mstari wake, mbele au nyuma.
- Hakuna kuruka juu ya kamba iliyokazwa, hata kama una haraka.
- Blanketi nzito au begi lenye mchanga litundikwe katikati ya kamba au waya, liuangushe chini ukikatika.
- Usiongezee urefu kwa ule mkanda wa nailoni unaonyumbuka, wa kuvutia gari kwa kulishtua. Huo umetengenezwa makusudi kuhifadhi nishati, na mahali pake si kwenye winchi.

Vitu vinavyobadilika pamoja na kamba

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo twende polepole.

*Mdomo wa winchi.* Waya hutokea kati ya rola nne za chuma, mbili za kulala na mbili za kusimama. Miaka ikipita waya huzichimba mifereji na kuacha kingo kali zisizoonekana kwa macho. Fundi atakuambia, "Mkubwa, rola bado nzuri, tuziache tu." Usikubali kabla hujapitisha kitambaa laini juu yake, kikinasa, na kamba itanasa. Zaidi ya hayo, rola za kulala na za kusimama huacha upenyo kwenye pembe, na kamba ikivutwa kwa pembe huingia humo ikabanwa. Mahali pake huwekwa kipande kimoja cha alumini chenye tundu refu na kingo za mviringo. Na usigeuze mambo: waya haupitishwi kwenye mdomo wa alumini, kwa sababu utauchimba siku ya kwanza, na atakayekuja baadaye na kamba atailipia mifereji yako.

*Dramu.* Waya ukitoka, tazama dramu kwa mwanga mzuri. Utakuta kutu, mikwaruzo na vijichuma vilivyosimama. Visugue kwa msasa, kwanza wa kukwaruza kisha laini, mpaka kidole kipite bila kusita. Kazi hii ni ya nusu saa, na mafundi wengi huiruka kwa sababu haionekani.

*Breki.* Winchi nyingi zina breki ndani ya dramu, inayoshika mzigo usirudi nyuma. Ukiliteremsha gari kwenye mteremko kwa winchi, breki hiyo husuguana muda wote na dramu hupata moto. Chuma hakijali. Polietilini inayeyuka kwenye digrii 150 za Selsiasi hivi, na huanza kupoteza nguvu mapema zaidi, ikikaa kwenye joto la digrii 70 au zaidi. Uharibifu huo haurudi. Tabaka la chini kabisa, lile linaloshika dramu, ndilo huungua, na ndilo usiloliona. Kamba nzuri huja na soksi ya kuzuia joto kwenye mita za kwanza. Kuna pia winchi zilizowekewa breki nje ya dramu, na anayenunua mpya aulize. Lakini dawa kubwa ni tabia: winchi ni ya kupandishia. Kuteremsha mita mbili tatu sawa. Kuteremsha gari korongo zima kwa winchi yenye kamba ni kuichoma.

*Ncha ya ndani.* Waya hushikwa kwenye dramu na skrubu ndogo, na wengi hudhani skrubu hiyo ndiyo inayobeba gari. La hasha. Kinachobeba ni msuguano wa mizunguko iliyobaki kwenye dramu. Kwa waya, mizunguko mitano inatosha. Kamba hii inateleza kuliko waya, kwa hiyo bakisha kumi. Weka alama ya rangi kwenye kamba mahali mzunguko wa kumi unapoanza. Ukiiona inatoka mdomoni, simama. Na uhakikishe fundi hakuikunja kinyume. Winchi itavuta hata ikikunjwa kinyume, lakini breki ya ndani haitashika.

*Ncha ya nje.* Ndoano kubwa ya chuma iliyokuja na waya ndiyo ile niliyoisema hapo juu, kitu kizito kinachosubiri kurushwa. Badala yake watu siku hizi hutumia shakeli laini, yaani kitanzi cha kamba ya aina ile ile kinachojifunga kwa fundo lake lenyewe. Haina chuma hata kidogo. Ila isipitishwe kwenye kishikio chenye kingo kali.

> Kwa kifupi: Bajeti ya kubadilisha waya ni kamba, mdomo wa alumini, msasa, soksi ya joto na shakeli laini. Ukiona mtu anakuuzia kamba tu na kukuambia hayo mengine ni urembo, tafuta fundi mwingine.

Kuikunja kwenye dramu

Kamba mpya ikikunjwa kwa mkono, bila kukazwa, itakaa vizuri na kupendeza. Siku ya kuvuta, tabaka la juu litazama katikati ya matabaka ya chini na kunasa humo, na utashinda porini ukilichokonoa kwa bisibisi.

Inatakiwa ikunjwe ikiwa imebeba mzigo kiasi, kilo 200 hadi 250, na mzigo wa karibu ni gari lenyewe. Spring Valley imebarikiwa kwa hili. Nyumba nyingi ziko kwenye miteremko inayoshuka hadi vijito, na njia ya kuingilia gari ndani ya ua wako ni kiwanja tosha, bila kuwafungia majirani barabara. Funga kamba juu kwenye mti mnene kwa mkanda mpana, kwa sababu kamba tupu na waya vyote hula gome. Liache gari lishuke kwa breki ya mguu mpaka kamba itoke yote isipokuwa mizunguko kumi. Kisha gia huru, mtu mmoja ndani akigusa breki kidogo kidogo, na winchi ilivute gari juu taratibu huku mizunguko ikilala sambamba. Injini iwe inawaka. Winchi ya volti 12 ikifika mwisho wa nguvu zake hunywa zaidi ya ampea 400, na betri peke yake haitaimudu kwa muda mrefu.

Tukiwa hapo kwenye dramu, kuna jambo ambalo wenye winchi wengi hawajawahi kuambiwa. Zile kilo 4,300 ni za tabaka la kwanza tu, lile linalogusa dramu. Kila tabaka linaloongezeka juu yake hula sehemu ya kumi ya nguvu au zaidi. Kwa hiyo anayefunga kwenye mti wa karibu, dramu ikiwa imejaa, anavuta na winchi dhaifu kuliko aliyoinunua.

Tulifanyie hesabu gari la kilo 2,850. Kanuni ya kawaida husema winchi iwe mara moja na nusu ya uzito wa gari, yaani kilo 4,275, na winchi yetu inafika. Gari likizama kwenye tope hadi nusu ya matairi, kulitoa kunahitaji mvuto unaokaribia uzito wake. Likizama hadi juu ya matairi, karibu mara mbili: kilo 5,700. Winchi imeshindwa, iwe na waya au kamba. Hapo huhitaji kununua winchi kubwa, unahitaji kapi, lile lile la kupandishia tanga la jahazi. Kamba inatoka kwenye gari, inazunguka kapi lililofungwa mtini, inarudi kufungwa kwenye gari. Kila upande sasa unabeba kilo 2,850, gari linatoka kwa nusu ya mwendo, na kwa kuwa umetoa kamba mara mbili ya urefu, dramu imebaki na matabaka machache yenye nguvu zaidi. Mti peke yake ndio unaobeba kilo 5,700 zote, kwa hiyo uchague mti, si kichaka.

Jua, vumbi na tope

Kamba haishiki kutu. Ndiyo sifa inayotangazwa zaidi, na ni ya kweli. Lakini ina maadui watatu ambao waya huwapuuza.

Wa kwanza ni jua. Nairobi iko karibu na mstari wa Ikweta, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mionzi inayobabua ngozi yetu hubabua na plastiki. Polietilini hii huvumilia kuliko plastiki nyingi, lakini gari linaloegeshwa nje ya ofisi Westlands kutwa nzima, mwaka baada ya mwaka, kamba ikiwa wazi kwenye pua, linaipunguza nguvu bila kuvuta chochote. Funika winchi. Turubai dogo lililoshonwa na fundi viti linatosha.

Wa pili ni vumbi. Chembe za mchanga wa Magadi huingia kati ya nyuzi, na kila kamba inapokazwa huzikata kutoka ndani. Usifikirie kwamba maji ya kuoshea gari, yale ya kupulizwa kwa nguvu, yatazitoa. Yatazisukuma ndani zaidi. Itoe kamba yote, iweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, ikandekande, suuza, ianike kivulini. Fanya hivyo baada ya kila safari iliyoilowesha kwa tope, hasa lile tope jeusi la nyanda za Athi na Kajiado linalokauka likawa tofali.

Wa tatu ni jiwe lenye kingo. Waya ukisugua mwamba, mwamba huchanika. Kamba ikisugua mwamba, kamba huchanika, na ikiwa imekazwa haichelewi. Kuna soksi nyingine, ngumu, inayoteleza juu ya kamba hadi pale inapogusa jiwe. Itumie kila mara, au tandika mkeka wa gari.

Upande wa maji kamba ina raha moja. Uzito wake kwa ujazo ni chini kidogo ya maji, kwa hiyo inaelea. Mvua za Aprili na Mei 2024, zilizofurisha Nairobi, Mai Mahiu na Mto Talek kule Mara, ziliwakumbusha madereva wengi kwamba lile la kutafuta ncha ya waya chini ya maji ya rangi ya kahawa ni kazi ya kupapasa.

> Ichunguze kila baada ya safari. Manyoya mepesi juu ya kamba ni kawaida, usiogope. Yanayopaswa kukuogopesha ni uzi mnene uliokatika, sehemu inayong'aa na kuwa ngumu (imeungua), na sehemu iliyopungua unene kwa robo. Ukiona mojawapo, kata sehemu hiyo au itupe kamba.

Ikikatika njiani

Waya uliokatika Suswa unarudi nyumbani ukiwa umekatika. Kamba inaungwa pale pale, na hii kwangu ndiyo faida kubwa kuliko zote, ingawa wauzaji huitaja mwisho.

Haiungwi kwa fundo. Uzi huu unateleza mno, na fundo likishika hupunguza nguvu ya kamba kwa nusu au zaidi. Kinachofanyika ni kupenyeza: ncha moja inaingizwa ndani ya utumbo wa kamba nyenzake, kwa sababu kamba iliyosukwa namna hii iko wazi katikati. Kamba ikivutwa, ule msuko wa nje hubana ncha iliyo ndani, na kadiri unavyovuta ndivyo unavyobana. Kinachotakiwa ni urefu wa kupenyeza: mara 72 ya unene wa kamba. Kwa kamba ya milimita 10, hiyo ni sentimita 72. Anayepenyeza sentimita 30 kwa sababu giza linaingia atayaona matokeo yake. Kifaa ni sindano butu yenye tundu la nyuma; hata bomba jembamba la alumini linafanya kazi. Jifunze nyumbani kwa kipande cha mita mbili, mezani, kabla ya kuhitaji kulifanya kwa tochi.

Nani abaki na waya

Si kila mtu abadilishe. Mwenye shamba Limuru anayevuta magogo, na mwenye gari la kuvuta magari mabovu mjini anayeburuta kwenye lami na kingo za barabara kila siku, wabaki na waya. Kazi yao ni ya msuguano, na chuma kinaupenda msuguano kuliko plastiki. Anayeteremsha mizigo kwa winchi mara kwa mara naye abaki, kwa sababu ya ile breki.

Abaki pia, ingawa hatapenda kusikia, mtu ambaye gari lake halitoki nje ya lami na hana nia ya kuosha kamba kwenye beseni. Waya uliopakwa mafuta, uliokunjwa vizuri na kufunikwa utamvumilia miaka ya kutotumika. Kamba iliyosahaulika juani itaonekana nzima mpaka saa ile atakapoihitaji, na hapo atailaumu kamba.

Waliobaki, yaani wale wa Magadi, Suswa na barabara za msituni, wanaotoa winchi mara chache kwa mwaka na kila mara wakiwa na familia pembeni, wabadilishe. Anza na mdomo na dramu kabla ya kulipia kamba. Ukikuta dramu imeliwa vibaya, bei ya kazi nzima itabadilika. Waya unaotoka usiugawe kwa jirani avutie gari, kwa sababu hujui ulishajikunja wapi. Ukate vipande, ufunge lango la shamba, au uupeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu Gikomba, wakulipe kwa kilo.